Mbao iliyopikwa imelowa ndani ya ndoo: je, mteja kaibiwa?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni seremala hapa Tanga, nina miaka kumi na tisa kazini. Mteja mwenye nyumba ya wageni ufukweni ameniletea mbao za paini za rangi ya kahawia, zimetoka Finland, zina lebo ya Thermo-D. Anasema zimepikwa na hazishiki maji, anataka milango sita ya bafuni na ya veranda. Nikakata kipande, nikakitumbukiza kwenye ndoo usiku kucha pamoja na kipande cha paini yetu ya Mafinga. Asubuhi vyote vimelowa, vyote vizito, na cha Finland kimekunywa maji karibu sawa na cha kwetu. Je, mteja wangu kauziwa mbuzi kwenye gunia? Kupika huku kuna tofauti gani na mbao ya dawa, ile ya kijani? Na nikitaka kupika za kwangu mwenyewe, naweza?

Jibu: Marahaba, fundi. Ndoo yako imesema kweli kuliko tangazo, kwa hiyo usiyamwage maji yake bado. Ila ulipima uzito, hukupima upana. Tafuta vile vipande viwili, na kama vimeshakauka vitumbukize tena, kwa sababu jibu lote limo humo.

Mteja wako hakuibiwa. Aliyemwambia kwamba mbao hizi hazishiki maji ndiye aliyempa maelezo yasiyo sahihi, na kosa hilo nimelisikia hata kwa watu wanaoziuza. Mbao iliyopikwa hulowa. Kilichobadilika ni mahali maji yanapokaa na yanafanya nini yakishafika hapo.

Fikiria tita la matete lililofungwa kamba. Ukilitumbukiza mtoni, maji yanajaa kwenye uwazi wa kila tete. Tita linakuwa zito lakini kamba haikazi. Sasa fikiria maji yamepenya ndani ya nyama ya tete lenyewe, kuta zake zikanenepa. Hapo kamba inakaza mpaka inataka kukatika. Mti umejengwa hivyo hivyo, kwa mamilioni ya mirija myembamba iliyosimama wima, kila mmoja una uwazi katikati na ukuta pembeni. Paini kavu ya kilo 450 kwa mita ya ujazo ina uwazi wa karibu asilimia 70, kwa sababu ule ukuta peke yake, ukiondoa matundu yote, una uzito wa kama kilo 1,500 kwa mita ya ujazo. Ndiyo maana kipande kidogo cha paini kinaweza kunywa maji kuzidi uzito wake chenyewe. Maji hayo ya kwenye uwazi hayavimbishi mlango. Yanayovimbisha ni ya ukutani, nayo ni machache: ukuta ukishiba kabisa unabeba maji ya kama asilimia 30 ya uzito mkavu wa mbao. Kuanzia sifuri mpaka hiyo 30 mbao inacheza, inafura na kunywea. Ikishapita hapo inaongezeka uzito tu, upana unabaki palepale.

Na ukuta hauhitaji ndoo ili ushibe. Hewa inautosha. Hewa yenye unyevu wa asilimia 50, kama ya Dodoma wakati wa kiangazi, itaiacha mbao ya kawaida na unyevu wa asilimia 9 hivi. Hewa ya asilimia 80, ambayo nyinyi watu wa Tanga mnaijua vizuri, itaipeleka kwenye 16. Paini iliyopasuliwa pete zake, ile mistari ya ukuaji unayoiona kwenye ncha ya ubao, zikiwa zimelala hutanuka kama robo ya asilimia kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoongezeka. Chukua basi mlango wa mbao tupu zilizounganishwa, upana milimita 800, uliotengenezwa kwa mbao ya tanuri yenye unyevu wa asilimia 10, ukaupachika ufukweni hadi ukafika 16. Sita mara robo ni asilimia moja na nusu, yaani milimita 12. Hakuna seremala anayeacha nafasi ya milimita 12 kwenye fremu. Ndiyo maana kila masika unaitwa uje upige randa ukingo, halafu hewa ikikauka unapigiwa simu kwamba mlango una upenyo wa kupitisha kidole.

Kwa nini ukuta unayapenda maji kiasi hicho? Umejengwa kwa vitu vitatu vikubwa. Kuna selulosi, nyuzi ndefu zinazobeba mzigo. Kuna hemiselulosi inayozizunguka nyuzi hizo. Na kuna lignini inayovigandisha vyote pamoja. Vyote vina vikundi vya haidroksili, oksijeni na haidrojeni zilizoshikana, ambavyo molekuli ya maji hupenda kujishikiza. Waza daladala. Vikundi hivyo ni vishikio vya juu, na molekuli za maji ni abiria waliosimama. Ila daladala hili lina ubavu wa turubai: kila abiria anayeingia na kushika kishikio, ubavu unatanuka. Hemiselulosi ndiyo yenye vishikio vingi vilivyo wazi. Selulosi inavyo vingi pia, lakini sehemu kubwa imejipanga kwa kubanana kama fuwele na maji hayapenyi. Lignini ina vichache.

Sasa tuje kwa hao Wafini. Njia hii ya ThermoWood ilikuzwa na kituo chao cha utafiti cha VTT katika miaka ya 1990. Mbao inaingizwa kwenye tanuri la chuma, inakaushwa kabisa, kisha joto linapandishwa mvuke ukiwa umejaa ndani ili kuifukuza oksijeni, la sivyo mbao ingewaka. Herufi D kwenye lebo yako inahusu uimara dhidi ya kuoza. Kwa paini maana yake ni joto la nyuzi 212 za Selsiasi, likishikiliwa hapo kwa saa mbili tatu. Ingekuwa S, ingekuwa nyuzi 190, na hiyo inalenga zaidi kutulia kwa umbo. Hakuna dawa yoyote iliyoingizwa, ni joto na mvuke tu.

Katika joto hilo hemiselulosi ndiyo hufa kwanza. Na kuna jambo ambalo kila nikilieleza kwa wanafunzi huwa nawaona wananyanyua vichwa: hemiselulosi yenyewe imebeba tangu porini vikundi vidogo vya asetili, joto likivikata vinageuka kuwa asidi ya siki, na siki hiyo inazidi kuimega hemiselulosi iliyobaki. Mbao inajipika kwa siki yake. Sehemu ya ile harufu kali uliyoisikia ulipopasua ubao wa kwanza inatoka hapo. Lignini nayo inajifunga upya kwa viungo vipya, ukuta unakakamaa, hautanuki kirahisi hata maji yakija. Kwa lugha ya daladala: vishikio vingi vimeng'olewa, na turubai limekazwa. Matokeo yake ni kwamba kwenye hewa ya asilimia 65, ambapo paini ya kawaida hukaa kwenye unyevu wa 12, hii ya kwako itakaa kwenye 6 au 7. Kufura na kunywea kwake ni kama nusu ya ile ya kwetu.

Lakini yale matundu yako palepale. Tena utomvu umetoka kwa joto, na nyufa ndogo ambazo jicho halizioni zimejitokeza kwenye kuta, kwa hiyo maji ya ndoo wakati mwingine yanapata njia rahisi zaidi kuliko kwenye paini isiyopikwa. Ndiyo maana mizani ilikuonyesha vipande viwili vinavyofanana. Ulipima maji ya kwenye uwazi na ya ukutani kwa pamoja.

Fanya jaribio hivi. Kata vipande viwili vya upana wa kama milimita 100, pete zikiwa zimelala kwa namna moja katika vyote, urefu wa sentimita mbili tu kufuata uzi wa mbao ili maji yaingie upesi kupitia ncha. Vikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 kwa siku nzima. Pima upana kwa kalipa, si kwa futi ya mkono. Vitumbukize mpaka vizame vyenyewe, hata ikichukua siku tatu, kisha upime upana tena. Tuseme cha Mafinga kimetoka milimita 100 kikafika 107, na cha Finland kimetoka 100 kikafika 103 na nusu. Saba na tatu na nusu: umeokoa nusu ya kufura. Hiyo ndiyo namba ambayo sisi watu wa maabara tunaitumia kuhukumu kila njia ya kubadilisha mbao, na unaweza kuipata kwenye karakana yako bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Rudia mzunguko huo, kukausha na kulowesha, mara tatu au nne. Sisemi hivyo kukuchosha. Sehemu ya faida ya kupika, hasa mbao ikiwa imepikwa kwa joto la chini au kwenye hewa kavu, inatokana na ukuta kukaza tu wala si vishikio kung'oka, na kukaza huko hulegea mbao ikishalowa vizuri mara ya kwanza. Nimeona vipande vilivyopendeza siku ya kwanza vikapoteza sehemu ya sifa zake kwenye mzunguko wa pili. Mbao iliyopikwa kweli kwa nyuzi 212 ndani ya mvuke itashuka kidogo, kisha itatulia. Ikiendelea kushuka, basi hapo ndipo pa kutilia shaka lebo.

Kupika si njia pekee, na nakueleza hizi nyingine kwa sababu zinakuonyesha vishikio vinavyoweza kushughulikiwa kwa namna tofauti kabisa. Ya kwanza ni asetili. Unachukua anhidridi ya asetiki, ndugu mkali wa siki, unaisukuma ndani ya mbao kavu kwa mgandamizo na joto. Inafika kwenye kishikio, inang'oa haidrojeni na kukaa yenyewe pale, kama abiria aliyepanda na kujifunga kamba kwenye kishikio asishuke milele. Maji yakija yanakuta pamekaliwa. Na kwa kuwa asetili ni nene kuliko haidrojeni aliyoifukuza, turubai limeshatanuka tangu kiwandani: ubao wa asetili ukiwa mkavu kabisa una upana karibu sawa na ubao mbichi uliotoka msituni. Haufuri kwa sababu umeshafura. Mbao iliyofanyiwa hivyo sawasawa inaongezeka uzito kwa kama asilimia 20, na kufura kwake kunapungua kwa asilimia 70 na zaidi. Alfred Stamm na Harold Tarkow waliionyesha njia hii kwenye maabara ya mazao ya misitu ya Madison, Wisconsin, katika miaka ya 1940. Ilichukua miaka sitini hivi mpaka ikawa biashara ya kweli: mbao ya asetili yenye chapa ya Accoya ilianza kuuzwa mwaka 2007 kutoka Arnhem, Uholanzi, na mwaka uliofuata huko Sneek, nchini humohumo, wakajenga kwa mbao hizo daraja la kupita magari juu ya barabara kuu.

Na hapa kuna habari inayotugusa. Mti unaotumika zaidi kwa kazi hiyo ni paini ya radiata, kwa sababu ina sehemu pana ya nje yenye kupitisha kimiminika mpaka ndani. Radiata tuliwahi kuipanda kwa wingi Kenya na Tanzania. Ugonjwa wa majani wa Dothistroma ukaivamia miaka ya 1960 na wataalamu wa misitu wakaiacha, ndipo paini ya patula ikachukua mashamba, ile unayoipata leo kutoka Sao Hill. Patula nayo inapitisha kimiminika vizuri, siyo kama mkaratusi ambao kiini chake kinakataa. Mimi naamini kwa moyo wangu wote kwamba paini ya Mufindi inastahili zaidi ya kuwa mbao ya kumwagia zege, na kwamba kupika kwa mvuke ndiyo njia iliyo karibu nasi, kwa sababu haidai kemikali ya kuagiza.

Njia nyingine hazigusi vishikio sana, zinajaza daladala mizigo. Kampuni ya Kebony ya Norway inaingiza pombe ya furfurili, inayotengenezwa kutokana na mabaki ya mimea kama makapi ya miwa, halafu inaigandisha kwa joto ndani ya ukuta. Vishikio vingi bado vipo, ila hakuna nafasi ya kusimama. Mfano mkubwa kuliko yote wa kujaza ni meli ya vita ya Vasa ya Sweden, iliyozama bandarini Stockholm mwaka 1628 na kuinuliwa mwaka 1961. Ingeachwa ikauke yenyewe ingenywea na kupasuka vipande, kwa hiyo waliinyunyizia kwa miaka 17 kitu kiitwacho polietilini glikoli, kinachoingia ukutani na kukaa mahali pa maji. Ila hicho hakijifungi; maji mengi yakipita kinaoshwa na kutoka. Kwa jumba la makumbusho kinafaa, kwa mlango wa bafuni hakifai.

Umeuliza kuhusu mbao ya kijani. Hiyo haimo katika familia hii. Rangi ile ni ya chumvi za shaba, kromiamu na aseniki, sumu inayoua kuvu na mchwa. Ukuta wa mbao haukuguswa: unafura na kunywea kama zamani, na nguzo ya umeme iliyotiwa dawa hupasuka juani kama nguzo nyingine. Mbao iliyobadilishwa inapambana na kuoza kwa njia nyingine. Kuvu la kuozesha linahitaji maji ndani ya ukuta ili kusafirisha vimeng'enya na kemikali zake. Ukimnyima maji ukutani, anakaa juu ya chakula asichoweza kukila. Hakuna sumu, kuna njaa. Ndiyo maana masalia ya mbao yako ya Finland unaweza kuyachoma kama kuni nyingine. Masalia ya mbao ya kijani usiyachome kamwe, wala usimpe mama lishe wa jirani, wala takataka zake za randa usiwatandikie kuku. Aseniki inabaki kwenye majivu na inapanda na moshi. Nalisema hili kila ninapopata nafasi, maana nimeona masalia hayo yakichukuliwa karakana kwenda jikoni, na anayepika hajui.

Kuhusu kupika mwenyewe: hapana, fundi, na nakuomba usijaribu. Kwenye nyuzi 200 na zaidi, mbao iliyo karibu na hewa inatoa gesi zinazowaka. Pipa, moto wa chini na mafuta ya kukaangia, kama nilivyowahi kuulizwa, ni njia ya kuunguza karakana na mtu aliyemo. Tanuri la kupikia mbao linadhibiti mvuke, mgandamizo na kasi ya kupanda kwa joto kwa saa nyingi. Ukipandisha haraka mbao inapasukia ndani na huoni mpaka uipasue. Kuichoma nguzo ncha kama wazee walivyofanya kabla ya kuichimbia ni jambo jingine: pale unatengeneza ganda la mkaa nje, mbao ya ndani inabaki ileile. Na anhidridi ya asetiki huwezi hata kuipata dukani, kwa kuwa inatumika pia kutengeneza heroini, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 umeiweka chini ya udhibiti.

Wengi huniuliza, basi si nipake tu vanishi nzito? Vanishi na rangi vinachelewesha maji, havipunguzi uwezo wa ukuta kuyashika. Mvua ya siku moja vinaizuia. Unyevu wa masika nzima unapenya polepole mpaka ukuta unashiba kiasi kilekile. Wajenzi wa majahazi wanalijua hili kuliko wote: wanapaka sifa, yaani mafuta ya samaki, juu na shahamu yenye chokaa chini ya maji, na bado wanajua ubao utafura. Tena wanautegemea ufure! Chombo kikishushwa majini, mbao zinanenepa na kuibana pamba ya kalafati, ile inayopigiliwa kati ya ubao na ubao, mpaka uvujaji wa siku za kwanza unakoma. Mtu asije akakushawishi ujenge jahazi la kalafati kwa mbao ya asetili. Pamba ile itasubiri kubanwa na mbao isiyofura, na maji yatapita.

Sasa milango yako sita. Kwanza, zipange mbao kwa kuzitenganisha na vijiti ndani ya karakana kwa wiki mbili tatu. Zilikauka kupita kiasi kwenye tanuri, na zinachukua unyevu polepole, kwa hiyo mlango ulioundwa siku ya kwanza utanenepa baadaye. Kile kipimo cha unyevu chenye sindano mbili usikiamini hapa, kwa sababu kimepimishwa kwa mbao ya kawaida na umeme unapita tofauti kwenye iliyopikwa. Pima kwa mizani na oveni.

Mbao hii imepoteza nguvu, na hasa imekuwa nyepesi kuvunjika, inakatika ghafla bila kupinda kwanza. Toboa kila tundu la skurubu kabla, hata karibu na katikati. Usipige msumari ukingoni. Bawaba zishike kwa skurubu ndefu kuliko ulivyozoea, za stenlesi, kwani asidi iliyobaki ndani pamoja na chumvi ya bahari vitaila skurubu ya kawaida upesi na kuacha madoa meusi. Gundi nyeupe ya maji hukauka kwa kunyonywa na mbao, na mbao hii inanyonya pole, kwa hiyo iache kwenye klampu muda mrefu zaidi, mara mbili ya kawaida yako, au tumia gundi ya poliyurethini.

Muundo una uzito kama kemia. Usiunde mlango wa mbao tupu zilizounganishwa. Unda fremu yenye mbao mbili za wima za milimita 120, na kibao cha katikati kiingie kwenye mfereji bila gundi, kiachiwe nafasi ya kuchezea. Mbao za mlalo hazihesabiki, maana mti karibu haufuri kwa urefu wake. Kinachobaki kucheza ni milimita 240 badala ya 800: kwa paini ya Mafinga, kutoka unyevu wa 10 hadi 16, ni kama milimita tatu na nusu, kwa hii ya kupikwa, chini ya mbili. Unaona kwamba fremu peke yake imekuokoa zaidi kuliko tanuri la Finland? Ndiyo maana mteja asiye na fedha ya mbao za kuagiza namwambia achukue mninga uliokauka, ambao hucheza kidogo mno, au msaji, au hata paini yetu iliyokaushwa kweli na kupasuliwa pete zikiwa zimesimama, na fundi aujenge mlango kwa fremu. Milango ya kale ya Zanzibar na Lamu ina mabawa mawili membamba na mfaa katikati. Kila bawa linabeba nusu tu ya mchezo. Shida kubwa ya milango yetu mingi ni mbao iliyouzwa mbichi ikapachikwa ikiwa bado mbichi, na hiyo haina haja ya kemia yoyote ila subira na vijiti vya kuitenganisha.

Ya bafuni: ziba ukingo wa chini na wa juu kwa rangi au mafuta kabla ya kupachika, hasa ncha za mbao za wima, kwani maji hupanda kupitia ncha haraka mno kuliko kupitia uso. Ukungu mweusi bado unaweza kuota juu ya mbao iliyopikwa, kwa hiyo bafu linahitaji dirisha. Ya veranda: jua litaiondoa rangi ya kahawia, itakuwa ya kijivu ndani ya miezi, mwambie mteja mapema ili asidhani umemletea nyingine. Mafuta yenye rangi ndani yake yanachelewesha hilo. Fremu zisimame juu ya sementi au jiwe, zisizamishwe sakafuni wala kugusa udongo, maana kupika hakumzuii mchwa. Mchwa wa Tanga ataila Thermo-D. Kwa miguu ya fremu iliyo karibu na ardhi tumia mkongo au mvule.

Ukimaliza mlango wa kwanza, pima upana wake juu, katikati na chini, uandike kwa penseli kwenye ukingo wa juu pamoja na tarehe, mahali ambapo mteja haoni. Nenda tena katikati ya masika na kalipa yako, uniandikie namba zote mbili.